Waya si Waya Tu: Kabla Hamjapiga Plasta Nyumbani

Mama alinipigia simu Jumanne moja, wiki ya kwanza ya UE. Nilikuwa nje ya maktaba hapa Iringa, mkononi nina chai, kichwani nina mitihani mitatu. "Mwanangu, fundi yuko hapa," akasema. "Kesho kutwa wanapiga plasta. Anauliza tununue waya gani wa dishi, na waya gani wa intaneti. Wewe si ndiye unayesoma hiyo fizikia?"

Nikamjibu bila hata kuweka kikombe chini: "Mama, chukueni wowote wa bei nafuu. Waya ni waya."

Naandika makala haya kwa sababu najua sentensi hiyo itamtoka mwingine kati yetu muhula huu huu. Wengi wetu tunatoka nyumba zinazojengwa kidogo kidogo, msimu kwa msimu, na tukishavaa kitambulisho cha chuo tunageuka washauri wa kila kitu: king'amuzi, simu ya baba mdogo, fomu za mkopo, nyaya. Hatuwezi kukwepa. Basi walau tujue tunachosema.

Nyumbani kwetu ni Rujewa, wilaya ya Mbarali. Mama anajenga kwa mpunga. Nyaya zile, pamoja na soketi na ufundi, zilikula magunia manne. Nilipofika likizo nikakuta sebule imepakwa rangi, soketi nyeupe zimekaa ukutani kama za ofisini, na runinga inaonyesha nusu ya chaneli tu. Si kwamba picha ilikuwa mbaya. Chaneli fulani zilikuwa safi kabisa, nyingine zinasema hakuna mawimbi, mvua inyeshe isinyeshe. Fundi wa dishi alishakuja mara mbili, akageuza dishi, akabadilisha kile kichwa chake, akala nauli, akaondoka. Mdogo wangu wa kidato cha nne alikuwa na hesabu yake: chaneli zenye mpira zote zimekufa, kwa hiyo hii nyumba imerogwa na mtu wa Simba. Au wa Yanga, sikumbuki, inategemea nani alifungwa wiki ile.

Hakukuwa na uchawi. Lakini ili muone kilichotokea, inabidi tuanze na kazi ya ule waya.

Waya mmoja, kazi mbili

Wazee wetu walizoea antena. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012 na sisi wa Mbeya tukifuata 2013, king'amuzi kikawa lazima. Maeneo ambayo mnara wa kidijitali haufiki vizuri, jibu likawa dishi. Watu wakachomoa waya wa antena uliokuwa ukutani miaka yote, wakauchomeka kwenye dishi, wakashangaa picha inakatika.

Tofauti ni hii. Antena ya kawaida hushusha mawimbi ya kama megahezi 470 hadi mia nane na kitu. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na mawimbi yake ya runinga yanafika kwenye dishi yakiwa megahezi elfu kumi na zaidi. Hakuna waya wa kawaida unaoweza kubeba hayo. Ndiyo maana mbele ya dishi kuna kile kichwa kinachoitwa LNB: kinayapokea, kinayakuza, kisha kinayashusha hadi kati ya megahezi 950 na 2150, ndipo yanaingia kwenye waya. Sasa, kadiri mawimbi yanavyokwenda juu ndivyo waya unavyozidi kuyala njiani. Waya uliotosha kwa antena unaweza usitoshe kwa dishi, ingawa kwa macho ni ule ule.

Waya wa dishi una waya mmoja wa katikati, plastiki nyeupe kuuzunguka, karatasi ya alumini, wavu wa nyuzi nyembamba, halafu ganda. Madukani utakutana na majina mawili hasa, RG59 na RG6. RG59 ndio mwembamba, wa antena na wa kamera za zamani. RG6 waya wake wa katikati una unene wa kama milimita 1, na ndio wa dishi. RG6 nzuri hupoteza takribani desibeli 20 kwa kila mita 100 kwenye megahezi 1000, na takribani desibeli 30 kwenye megahezi 2150. RG59 huzidi hapo kwa karibu theluthi. Kumbuka kila desibeli 3 ni kupoteza nusu ya nguvu. Kuna RG11 pia, mnene kama kidole cha mtoto, lakini huo ni wa hoteli na majengo marefu. Anayekuuzia RG11 kwa nyumba ya vyumba vitatu anakutafuta.

Hayo ni ya mawimbi. Kazi ya pili ya waya ndiyo iliyotumaliza, na watu wengi hawaijui kabisa: waya huo huo unapeleka umeme juu, kutoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye LNB. Bila umeme huo LNB haifanyi kazi. Na king'amuzi huutumia kama lugha. Mawimbi ya setilaiti huja yamelala au yamesimama. King'amuzi kikitaka yaliyosimama hupeleka volti 13, kikitaka yaliyolala hupeleka volti 18. Ukibadilisha chaneli kwa rimoti, mara nyingi ndicho kinachotokea bila wewe kujua: volti zinapanda au zinashuka, na LNB inageuza sikio.

Nikaazima maltimita ya fundi umeme wa mtaani kwetu. Nyuma ya king'amuzi, kwenye chaneli iliyokufa, tukapata volti 18.2. Tukapanda kwenye dishi, tukapima hapo huku LNB imeungwa na inafanya kazi. Volti 13.9.

Hapo nilikaa juu ya tofali nikacheka, halafu sikucheka tena. King'amuzi kilikuwa kinapiga kelele "kumi na nane" na dishi linasikia "kumi na tatu na kitu." Kila chaneli ya mawimbi yaliyolala ilikuwa haifiki kwa sababu LNB haikuwahi kuambiwa igeuke. Volti 4.3 zimepotelea ukutani. LNB ile ilikuwa inavuta kama ampea 0.2. Gawanya: omu 21 na nusu za ukinzani. Hiyo ni Kanuni ya Ohm, V ni sawa na I mara R, mada niliyoifundisha kidato cha pili kwenye TP, kwa chati ya manila na mishale ya rangi, na msimamizi wangu akanipa alama nzuri.

Sumaku ya redio mbovu

Omu 21 zilitoka wapi? Zilitoka sehemu tatu. Kwanza urefu. Nyumba yetu ina mwembe upande wa magharibi, aliupanda babu, na hakuna mtu wa kuthubutu kuugusa. Sasa ving'amuzi havitazami sehemu moja ya anga. Setilaiti ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, ya DStv iko nyuzi 36 mashariki. Rujewa iko karibu na nyuzi 34 mashariki, kusini kidogo mwa ikweta. Kwa hiyo dishi la DStv kwetu linalenga karibu utosini, likielemea kaskazini kidogo, na mwembe hauliathiri. La Azam linalenga magharibi, likielekea kaskazini kiasi, juu kwa nyuzi kama 57. Yaani linatazama mwembe wa babu uso kwa uso. Fundi akalipeleka hadi nyuma ya jiko la nje, akavuta zaidi ya mita 50. Laiti angeuliza mtu kabla ya plasta, dishi lingepanda kwenye kona ya paa na waya ungekuwa mita 20.

Pili, kiungio. Roli la kwanza liliisha, likaungwa na la pili kwa kusokota na gundi ya karatasi, kisha plasta ikapigwa juu yake. Waya wa dishi hausokotwi. Ukilazimika kuunga, tumia kiungio chake cha kufunga kwa nati, na kiwe mahali utakapokifikia.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, waya wa katikati haukuwa shaba. Ulikuwa chuma kilichopakwa shaba. Nilitoa kipande, nikachukua sumaku ya spika ya redio mbovu, waya ukaruka kuifuata. Shaba haivutwi na sumaku.

Wauzaji watakuambia haina shida, mawimbi hupita kwenye ngozi ya waya. Na hapa, jamani, hawasemi uongo. Mawimbi ya megahezi 1000 hupita kwenye kina cha kama elfu mbili ya milimita tu, yaani 0.002, kwa hiyo ule mpako wa shaba unawatosha. Nilitaka sana wawe waongo ila fizikia iko upande wao. Tatizo ni kwamba umeme wa kwenda kwenye LNB si mawimbi. Huo unatumia mwili mzima wa waya, na chuma huzuia umeme mara kadhaa kuliko shaba. Kwa RG6 ya shaba tupu, mita 50 zina omu kama 1 kwenye waya wa katikati. Ukijumlisha na wavu wa kurudia, LNB kama yetu ingepoteza nusu volti hivi. Sisi tulipoteza zaidi ya nne.

Kwa hiyo ushauri wangu haufanani kwa kila mtu. Kama upo geto, dishi liko juu ya dirisha lako na waya ni mita 10, nunua ule wa chuma kilichopakwa, hutaona tofauti, pesa ya bumu iliyobaki kala chipsi. LNB inakuza mawimbi kiasi kwamba umbali mfupi hausumbui. Kama ni nyumba ya wazazi, waya unaingia ukutani na unavuka mita 25 au 30, usikubali. Nenda na sumaku dukani. Muuzaji atakutazama vibaya, mtazame tu.

Angalia na wavu. Bana ganda, lirudishe nyuma, uone. Waya mzuri una wavu mzito unaofunika karibu foili yote. Ule wa kwetu ulikuwa na nyuzi chache, unazihesabu kama ndevu za kijana wa mwaka wa kwanza. Wavu ndio unaozuia kelele za nje, na ndio njia ya kurudia umeme. Halafu soma maandishi kwenye ganda. Alama CCS maana yake chuma kilichopakwa shaba. Kila mita huwa imeandikwa namba. Tazama namba ya mwanzo wa roli na ya mwisho, utoe. Roli la mita 100 si lazima liwe la mita 100.

Rangi ya ganda nayo si urembo. Usangu ni bonde, jua lake si la Iringa hapa tunapovaa sweta mwezi wa sita. Ganda jeupe la kawaida likikaa nje huchakaa, likapasuka, maji yakaingia kwenye wavu, na hapo waya umekwisha ingawa bado unaning'inia. Kipande cha nje kiwe cheusi, cha kuhimili jua. Kabla hakijaingia ukutani au kwenye dishi, acha kitanzi kishuke chini kidogo ili maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Ndani ya dari kuna suala la panya. Panya wa Rujewa wamelelewa kwa mchele, hawaogopi chochote. Waya ndani ya paipu una maisha, waya uliolazwa juu ya jipsamu ni chakula.

Na vyumba viwili vikitaka ving'amuzi viwili? Watu hununua kigawanyio cha mia chache wakaugawa waya mmoja. Kwa antena, sawa. Kwa dishi, fikiria mwenyewe: sebuleni mama anatazama chaneli ya volti 13, chumbani mdogo wako anataka ya volti 18, waya ni mmoja. Mmoja atamkatia mwenzake. Inatakiwa LNB yenye matundu mawili, na kila king'amuzi kiwe na waya wake kutoka dishini. Kwa hiyo hata kama leo mna runinga moja, vuta nyaya mbili. Ya pili ijifiche ukutani ikisubiri.

Ule mwingine, wa intaneti

Hapa nitaeleza haraka zaidi kwa sehemu fulani, maana wengi wenu mnaufahamu kwa sura: nyaya nane ndogo, jozi nne, kila jozi imesokotwa. Msokoto ndio akili yake yote. Kelele inayoingia kwenye waya mmoja inaingia na kwa pacha wake, halafu kifaa kinatoa kimoja kwa kingine, kelele inafutika. Ndiyo sababu fundi akifungua msokoto sentimita tano ili apate nafasi ya kuchomeka, ameharibu kitu alichokilipia. Fungua kidogo iwezekanavyo.

Wengi Rujewa wanatumia ruta ya laini ya simu. Swali la kwanza la watu ni: kama ruta ni ya wayalesi, waya wa nini? Jibu ni tofali za kuchoma. Ruta inataka kukaa dirishani au juu nje, inakoona mnara. Wewe unataka intaneti chumbani, kuta mbili au tatu baadaye, chini ya bati. Mdogo wangu alikuwa anasomea kwenye korido, ameegemea ukuta, kwa sababu ndipo pekee masomo ya video yalipokuwa hayagandi. Waya mmoja kutoka kwa ruta hadi chumba cha nyuma, na ruta ndogo ya pili huko, humaliza hilo. Na siku faiba ikifika mtaani kwenu, itaishia kwenye kisanduku kimoja ukutani. Kutoka hapo kwenda vyumbani ni waya ule ule.

Sasa mnunue upi? Kuna Cat 5e, Cat 6, na wajanja wanauza hadi Cat 7 na Cat 8. Cat 5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Cat 6 hubeba hiyo hiyo kwa mita 100, na gigabiti 10 kwa mita kama 55. Weka hizo namba pembeni ya kifurushi chako. Kama laini yako inakupa megabiti 20 siku njema, Cat 5e ina nafasi ya mara hamsini ambayo hutaitumia. Ukiweza Cat 6, weka, maana ukuta utakaa miaka mingi kuliko kifurushi. Zaidi ya hapo ni kuwatajirisha watu.

Lakini wetu ulikuwa umeandikwa Cat 6, na ulikufa kabla ya kutumika. Nilifungua soketi nikakuta nyaya mbili kati ya nane zimekatika zenyewe shingoni. Nikakwangua mmoja kwa wembe: juu nyekundu, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba. Nikaupinda mara tatu, ukakatika kama kijiti. Alama yake kwenye ganda ni CCA, huwa imeandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote, na wakati mwingine haipo kabisa. Sumaku hapa haikusaidii kwa sababu alumini nayo haivutwi. Tumia wembe, na uzito: roli la alumini ni jepesi mkononi kwa namna unayoihisi mara moja ukilinganisha na la shaba.

Alumini huzuia umeme kwa zaidi ya mara moja na nusu ya shaba. Kwa ruta ya mezani pengine utasalimika, mpaka itakapokatika. Hatari zaidi ni zile antena za nje zinazofungwa kwenye nguzo, ambazo hupata umeme wake kupitia waya huo huo wa intaneti. Mnaona tumerudi wapi? Kanuni ile ile, ukuta ule ule. Kifaa kikianza kufanya kazi nzito kinavuta ampea zaidi, volti zinashuka njiani, kinazima na kujiwasha upya, na nyie mnaupigia simu mtandao wa watu kuwatukana. Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua, Cat 5e ya shaba tupu inaishinda Cat 6 ya alumini, kila siku. Uliza chuma gani kiko ndani kabla ya kuuliza namba.

Mpangilio wa rangi: chagueni mmoja, nyumba nzima. Unaotumika sana ni mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Fundi akikosea jozi moja, intaneti inaweza bado kutembea kwa megabiti 100, kwani mwendo huo unahitaji jozi mbili tu. Gigabiti inataka zote nne. Ndiyo maana "inafanya kazi" ya fundi si kipimo.

Nyaya zote hizi zisiingie paipu moja na umeme wa TANESCO. Kwanza ni usalama: ganda la waya wa umeme likichubuka ndani ya paipu, volti 230 zinakuja kwenye soketi ya runinga. Pili ni kelele. Ziwe na paipu zake, mbali kidogo, na zikikutana zivukane msalaba. Dishi na nguzo vifungwe ethi. Radi za huku kwetu mnazijua. Ikianza kunguruma, chomoa waya wa dishi pia, si plagi ya umeme peke yake. Hakuna waya, wa shaba wala wa dhahabu, utakaokuokoa radi ikipiga dishi lenyewe.

Nimeacha paipu mwisho ingawa ndiyo ningeitaja kwanza kama mama angenipigia leo. Mambo yote niliyoyasema juu yanaweza kukosewa na bado yakarekebishika, ilimradi waya uko ndani ya paipu ya kondyuti yenye kona za taratibu, na ndani kumeachwa kamba ya kuvutia. Umekosea? Unafunga waya mpya kwenye mkia wa ule mbovu, unavuta, nusu saa. Wa kwetu ulikandikwa moja kwa moja kwenye plasta ili kuokoa gharama ya paipu. Ile ndiyo gharama ndogo kuliko zote kwenye orodha ya fundi, na ndiyo ya kwanza kukatwa, kwa sababu haionekani na haina jina la kisasa. Kama una pesa ya kitu kimoja tu kabla ya plasta, nunua paipu tupu, ziishie zote sehemu moja, tuseme nyuma ya runinga. Waya utanunua mpunga ukivunwa.

Tulifanyaje basi? Fundi wa nyumba alisema tukate ukuta. Mama akautazama ukuta, akatazama ile rangi, akasema hapana. Sikubishana. Tukahamishia dishi kona ya paa, upande ambao mwembe haulifikii, tukavuta RG6 nyeusi ya shaba kwa nje, ndani ya paipu iliyobanwa chini ya upenu, mita 22. Tulipima tena kwenye LNB: 17.9. Chaneli zote zikarudi. Waya wa intaneti, Cat 5e, ukapita paipu ya pembeni yake hadi chumba cha nyuma, na mdogo wangu akahama korido. Nilivilipa kwa pesa niliyokuwa nimeitunza ya field, na bado haikufikia magunia manne.

Mama hakunilaumu. Jioni ile, taarifa ya habari ikiwa hewani, alisema tu, "Kumbe ulikuwa unajua," kisha akaongeza sauti ya runinga.

Soketi ile ya kwanza bado iko sebuleni. Amening'iniza kalenda juu yake.